Kwa nini dawa ya mtoto wa jirani haimfai wa kwako? Habari za ukuta na ngozi ya bakteria



Kliniki ya watoto hapa Bashay, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nesi, mtoto wa jirani aliharisha, akapewa vidonge vya rangi mbili, akapona. Wangu mbona umempa ORS na zinki tu?" Na kabla sijajibu linafuata la pili: "Basi nikaombe vile vilivyobaki kwa jirani?"

Jibu fupi ni hapana. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu ambaye amekesha na mtoto usiku kucha, na mimi sipendi kumwambia mtu mzima "fanya hivi" bila kumwambia sababu. Sababu yenyewe imo katika umbile la vijidudu: ukubwa wao, ngozi yao na ukuta wao. Ukishajua bakteria amejengwaje, mambo mengi tunayokuambia kliniki, kuhusu sabuni, maziwa, kitovu, asali na hata chanjo, utaona yanatoka sehemu moja.

Mdogo kiasi gani?

Chukua rula ya mtoto wa shule. Tazama nafasi ndogo kabisa kati ya mstari na mstari, ile milimita moja. Sasa igawe mara 1,000. Kipande kimoja kinaitwa maikromita. Bakteria anayeitwa Escherichia coli, ambaye yuko tumboni mwa kila mmoja wetu na baadhi ya aina zake huleta kuhara, ana urefu wa takriban maikromita 2. Kwa hiyo 500 wakipanga foleni kichwa kwa mkia, wanaenea ndani ya milimita moja. Unywele wa kichwa chako una unene wa maikromita 70 hivi. Jicho la mtu kwa kawaida haliwezi kuona vizuri chembe iliyo ndogo kuliko takriban sehemu moja ya kumi ya milimita.

Ndiyo maana maji ya kijito yanayopita juu ya mawe, yanayong'aa mpaka unaona changarawe chini, hayakuambii chochote. Kung'aa ni habari ya tope. Bakteria hawachafui rangi ya maji mpaka wawe wengi kupita kiasi.

Virusi ni vidogo zaidi. Kirusi cha rota, kinachosababisha kuhara kwa watoto wachanga, ni kama sehemu moja ya ishirini ya urefu wa huyo E. coli. Tena kirusi si kiumbe kamili: hakina ngozi hai wala kiwanda chake mwenyewe, kinaingia kwenye seli ya mtoto na kutumia viwanda vyake. Shika jambo hili, maana tutalirudia tukifika kwenye dawa.

Kuna bakteria wachache wakubwa ajabu. Mwaka 2022 wanasayansi walieleza bakteria kutoka visiwa vya Guadeloupe, huko Karibi, anayefika hadi sentimita 2, kama uzi mweupe, unamwona bila hadubini. Lakini huyo anaishi kwenye majani yaliyozama majini huko kwao, hatuhusu.

Udogo unawasaidia. Wewe ukikata kiazi vipande vidogo kinaiva haraka, kwa sababu moto unaingia kutoka pande nyingi. Bakteria naye ni hivyo: mwili wake ni mdogo, ngozi inayouzunguka ni nyingi ukilinganisha na mwili, basi chakula kinaingia upesi na uchafu unatoka upesi. Akiwa mahali pa vuguvugu na chakula kipo, E. coli anaweza kugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20. Fanya hesabu: mmoja anakuwa wawili, wanne, wanane. Ukianza na mmoja saa 1 asubuhi, ikifika saa 8 mchana wameshapita milioni 2. Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, maana chakula na nafasi humalizika, lakini inaeleza vizuri kwa nini uji wa mtoto uliopikwa alfajiri ukaachwa kwenye kikombe mpaka urudi shambani si uji tena. Upike kidogo, amalize. Ukibaki, mpe mkubwa mapema au mwaga.

Ngozi ya mafuta

Kila seli hai, iwe yako, ya mhindi au ya bakteria, imezungukwa na utando mwembamba sana. Unene wake ni nanomita 7 au 8. Ukirundika tando kama 250 ndipo utapata urefu wa E. coli mmoja.

Utando huo umetengenezwa kwa aina ya mafuta. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Umewahi kuona mchuzi wa nyama ukipoa, mafuta yanavyokusanyika peke yake juu? Chembe za utando nazo hukwepa maji kwa namna yao: zinajipanga safu mbili, mikia ikitazamana ndani, vichwa vikitazama nje. Inakuwa kama mikate miwili na siagi katikati. Ndani yake zimepachikwa protini zinazofanya kazi ya milango: hii inaruhusu sukari, hii chumvi, hii inatapika sumu nje. Utando ukichanika, vitu vya ndani vinamwagika na kiumbe anakufa.

Hapo ndipo sabuni inapofanya kazi. Chembe ya sabuni nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukisugua, mikia ya sabuni inajichomeka kwenye utando wa vijidudu na kuulegeza, na wale ambao hawakupasuka wanabebwa pamoja na mafuta ya mikono na kuoshwa na maji. Lakini ni lazima usugue, sekunde 20 hivi, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kulowesha vidole kwenye beseni moja na watu sita kabla ya kula ugali ni kugawana vijidudu, si kunawa. Kama sabuni imeisha, jivu safi na maji ya kumiminia ni afadhali kuliko maji matupu.

Ndani ya utando bakteria hana vyumba vingi. Sisi seli zetu zina kiini kilichofungwa kinachotunza maagizo ya urithi. Bakteria maagizo yake yamekaa wazi katikati kama uzi uliosokotwa, na pembeni kuna viwanda vidogo vingi vya kutengeneza protini vinavyoitwa ribosomu. Ribosomu zake zinatofautiana na zetu, na baadhi ya dawa, kama azithromaisini na doksisaiklini, zinashika za bakteria na kuziacha zetu.

Ukuta, na dawa inayoubomoa

Nje ya utando bakteria wengi wana ukuta. Fikiria mpira wa miguu. Ndani kuna mpira laini uliojazwa upepo, nje kuna ngozi ngumu iliyoshonwa. Ukitoa ile ngozi ukaendelea kujaza upepo, mpira wa ndani utavimba mpaka upasuke. Utando ndio mpira wa ndani, ukuta ndio ngozi. Maji yanasukuma kuingia ndani ya bakteria wakati wote, na ukuta ndio unaomzuia asipasuke.

Ukuta huo ni wavu wa sukari na protini uitwao peptidoglikani. Binadamu hana kitu hicho mwilini mwake, hata kidogo. Na hapo ndipo penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, na ndugu zake kama amoksilini na ampisilini, zinapopiga. Bakteria anapokua analazimika kufumua wavu kidogo na kuushona upya. Amoksilini inamzuia anayeshona. Kufumua kunaendelea, kushona kumesimama, matundu yanatokea, maji yanaingia, anapasuka. Seli za mtoto wako hazina ukuta, hazina cha kubomolewa. (Wapo watu ambao miili yao ina mzio na penisilini, hao ni habari nyingine, kama mtoto aliwahi kuvimba au kupata vipele vikali baada ya dawa hizo, tuambie kabla hatujaandika.)

Sasa rudi kwenye swali la kwanza. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo kunaletwa na virusi. Kirusi hakina ukuta wa peptidoglikani. Hakina ribosomu. Amoksilini itamtafuta wa kumbomoa ukuta na itawakuta bakteria wema wa tumboni, wale wanaomsaidia mtoto kulinda utumbo wake. Itawaua hao. Mtoto anaweza kuharisha zaidi. Wakati huohuo kinachomuua mtoto anayeharisha kwa kawaida ni kupoteza maji na chumvi, na kinachorudisha ni ORS: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogokidogo, aendelee kunyonya, na zinki kwa siku utakazoelekezwa hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Kwa hiyo mtoto wa jirani alipona kwa nini? Mara nyingi alipona kwa sababu siku zake za kuhara zilikuwa zimeisha, dawa ikapata sifa. Au alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa.

Maana yapo magonjwa ambayo antibayotiki ni ya lazima na kuchelewa ni hatari. Kinyesi chenye damu si kuhara kwa kawaida. Kinaweza kuwa cha bakteria aitwaye Shigella, mlete. Mtoto anayekohoa na kupumua haraka, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, hiyo inaweza kuwa nimonia. Aliye chini ya miezi 2 ni 60. Ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea haamki vizuri, usingoje kesho wala usingoje baba arudi mnadani.

Zambarau na nyekundu

Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, alipaka bakteria rangi ya zambarau kisha akawasuuza kwa spiriti. Wengine walibaki zambarau, wengine rangi ikatoka. Siku hizi hao wa pili hupakwa rangi nyekundu ili waonekane. Mpaka leo maabara zinafanya kipimo hicho, na kinatuambia ukuta ukoje.

Wa zambarau wana ukuta mnene, tabaka juu ya tabaka. Mmoja wao ni nimokoka, bakteria mkubwa wa nimonia na wa uti wa mgongo kwa watoto. Ukuta uko wazi mbele ya amoksilini, na ndiyo maana tunampa mtoto mwenye nimonia vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Lakini nimokoka ana ujanja wake: juu ya ukuta amevaa koti la sukari linaloteleza, askari wa mwili wakimshika anaponyoka. Chanjo ya PCV anayopewa mtoto wa wiki 6, 10 na 14 ina vipande vya koti hilo. Inawafundisha askari kulitambua kabla mwenye koti hajafika. Huwa nasikitika mama anapokuja chanjo ya kwanza na ya pili, ya tatu akaiacha kwa sababu "mtoto hana tatizo". Hana tatizo, na tunataka abaki hivyo.

Wa nyekundu wana ukuta mwembamba, lakini wamejiongezea utando wa pili kwa nje. Humo wamo E. coli, Shigella, bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo, na wa ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe. Utando huo wa nje una vijilango vyembamba, na dawa nyingi hazipiti. Penisilini ya zamani ya sindano, ambayo ni dawa nzuri sana kwa kaswende, inagonga mlango wa wengi wa kundi hili na kubaki nje. Tena utando wenyewe una sumu. Bakteria hawa wakifa kwa wingi ndani ya damu, vipande vya utando vinaamsha homa kali na vinaweza kushusha presha ya damu vibaya. Mtoto mchanga akifikia hapo hali hubadilika kwa saa, si kwa siku.

Umeona basi. "Antibayotiki" si dawa moja. Ile ya jirani ilichaguliwa kwa ukuta fulani, uzito fulani, siku fulani. Ukimpa mtoto wako nusu ya masalia, unaweza kuwaua wale dhaifu na kuwaachia nafasi wale wenye milango iliyobadilika au wenye vimeng'enya vya kuvunja dawa. Wanazaana, wanarithishana ujanja huo, hata bakteria wa aina tofauti huupitisha wao kwa wao. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, mnaousikia redioni kwa jina la UVIDA. Anayenunua vidonge vinne vya rangi mbili duka la dawa kwa sababu hela imetosha vinne, anaununua huo.

Wapo pia waliowahi kufikiri kwamba labda watoto wote wa vijijini wangepewa antibayotiki mara kwa mara wangekua vizuri zaidi, kwa kuwa vijidudu vya tumboni huchangia udumavu. Wazo si la kipuuzi. Lilijaribiwa jirani yetu, Haydom. Watoto zaidi ya 1,100 waliingizwa kwenye utafiti ulioitwa ELICIT, baadhi wakapewa azithromaisini na dawa nyingine ya vimelea kwa vipindi, wengine wakapewa kitu kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: walipofika miezi 18, waliopewa dawa hawakuwa warefu kuliko wenzao. Bakteria wanarudi. Maji, choo, kunawa na chakula vikiwa vilevile, wanarudi.

Koti la nta na maziwa mabichi

Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wa peke yake. Amejipaka mafuta mazito kama nta. Rangi ya Gram haimshiki vizuri. Maabara inatumia rangi nyingine. Dawa nyingi zinateleza juu yake. Naye hana haraka: wakati E. coli anagawanyika kwa dakika 20, huyu anachukua karibu siku nzima. Dawa nyingi zinamshika vizuri anapofanya kazi, akilala anazikwepa. Hiyo ndiyo sababu matibabu ni ya miezi na si ya siku, na mgonjwa anayeacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimeisha amewaachia waliolala.

Ana ndugu yake anayekaa kwenye ng'ombe, Mycobacterium bovis, na huyo anapita kwenye maziwa. Mwaka 2001 Rudovick Kazwala na wenzake walichapisha utafiti wa Watanzania waliokuwa na tezi za shingo zilizovimba, na baadhi yao walikutwa na bakteria huyo wa ng'ombe. Kwa hiyo mtoto mwenye tezi za shingo zilizokaa wiki na wiki, asichanjwe chale wala kupakwa dawa ya majani. Mlete apimwe.

Najua maziwa ni nini kwetu, kwa Wairaqw na kwa Wadatoga pia. Najua kuna wazee wanaosema maziwa yaliyochemshwa yamekufa ladha. Siwezi kubishana na ulimi wa mtu. Lakini bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba, yule Brucella, naye yumo kwenye maziwa ya ng'ombe au mbuzi mgonjwa, na akiingia kwa mtu anajificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Homa zinakuja na kuondoka, viungo vinauma, kipimo cha malaria kinasema hakuna, mtu anazunguka miezi.

Moto unamweza, pamoja na yule wa nta. Joto linalegeza utando na kugandisha protini, kama yai linavyoganda na haliwezi kurudi bichi. Viwandani maziwa hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Nyumbani huna kipima joto, basi yaache yapande yachemke kabisa. Hapa juu milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mahali penye mwinuko wa mita 1,800 ni kama nyuzi 94. Bado zinatosha kwa hawa. Acha tu yaendelee kuchemka dakika chache, usitoe sufuria mara povu linapopanda.

Na maziwa ya mgando? Uchachu pekee si wa kuaminiwa kuua Brucella. Chemsha kwanza, yapoe, kisha ugandishe kwenye kibuyu safi. Wengi wameshafanya hivyo na mgando unashika.

Wale wasioogopa kuchemshwa

Nimesema moto unaua, lakini kuna bakteria wachache wanaojenga sanduku. Mambo yakiwa magumu, anakunja maagizo yake ya urithi, anayazungushia tabaka nene, anakausha maji ndani, na analala. Tunaita spora. Sufuria inayochemka haimtishi. Hospitali tunatumia chombo cha mvuke wenye shinikizo kinachofika nyuzi 121. Anaweza kulala kwenye udongo miaka mingi.

Wa pepopunda yumo humo. Anakaa kwenye udongo na kwenye samadi, na akipata kidonda kisicho na hewa anaamka. Kitovu cha mtoto mchanga ni kidonda. Kwa hiyo usipake kinyesi cha ng'ombe, udongo, majivu wala mafuta. Kiache kikavu na safi, kifuate maelekezo ya muuguzi aliyekuzalisha. Na mama mjamzito apate chanjo ya pepopunda, kinga inapita kwa mtoto.

Kimeta ni wa pili. Mnyama amekufa ghafla, damu inatoka puani na haigandi: msichune, msigawane nyama kwa kuhofia hasara. Mwiteni mtaalamu wa mifugo. Mzoga ukipasuliwa, bakteria wanakutana na hewa na kujenga masanduku, na malisho yenu yanabaki na ugonjwa.

Wa tatu utamshangaa. Ni wa asali. Asali yetu ni nzuri, lakini inaweza kubeba spora za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kwa mtu mzima zinapita tu. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja bado halina ulinzi huo. Zinaweza kuamka humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ya kupumua. Kuchemsha asali hakusaidii. Kwa hiyo mtoto mchanga asilambishwe asali, hata tone la kumkaribisha duniani. Bibi ataelewa ukimweleza kwa heshima, mimi nimeshawaeleza mabibi wengi.

Na wale wa ziwa na wa tumbo la ng'ombe

Kuna kundi jingine ambalo ukilitazama kwa hadubini utasema ni bakteria. Wana udogo uleule, hawana kiini. Lakini mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, huko Marekani, walionyesha kuwa ni ukoo tofauti kabisa. Wanaitwa arkea. Hawana peptidoglikani, hivyo penisilini haina la kuwafanya. Mafuta ya utando wao yameunganishwa kwa kifungo kigumu zaidi kuliko cha kwetu, na mikia yake ina matawi. Wengine chembe zao zina vichwa pande mbili, zinavuka utando mzima kama ubao uliopigiliwa misumari huku na huku. Utando wa namna hiyo unastahimili joto kali, chumvi na magadi.

Ndiyo maana wanaishi Ziwa Natron, na Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako maji yanachoma ngozi. Baadhi yao wana rangi nyekundu na wanachangia ile rangi ya waridi ya maziwa hayo. Mmoja, Natronobacterium gregoryi, alipatikana Ziwa Magadi na kupewa jina mwaka 1984. Wengine wako karibu zaidi: kwenye tumbo kubwa la ng'ombe wako, wakitengeneza gesi anayoicheua, na kwenye shimo la biogesi. Hao ndio wanaowasha jiko. Wamo hata kwenye matumbo yetu. Mpaka sasa hakuna arkea aliyethibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa binadamu.

Mama mmoja alipolisikia hili aliniuliza kama magadi tunayowekea maharage basi yana vijidudu. Hata kama wamo, hawana neno. Ubaya wa magadi uko kwingine: yana sodiamu nyingi, isiyomfaa mwenye presha, na magadi ya kanda yetu ya kaskazini mara nyingi yana madini ya floridi kwa wingi. Floridi ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengwa chini ya fizi, yanaota na madoa ya kahawia ambayo hayasuguliki. Loweka maharage usiku, mwaga yale maji, pika bila magadi. Kama wakubwa hawawezi kuyaacha, toa chakula cha mtoto kwanza, kisha ndipo utie.